MVUMILIVU ASIYEKULA MBIVU

Wahenga wamesema: Mvumilivu hula mbivu. Methali hii twaifundisha watoto wetu tangu wakiwa wadogo, wala si vibaya kuifundisha. Lakini neno likizoewa sana ulimini huacha kupimwa akilini, na methali hii ina ahadi ndani yake, kwamba mwenye kuvumilia mwisho wake atakula. Je, ni hivyo kila mara? Na kama si hivyo kila mara, yule aliyevumilia miaka ishirini kisha asile, tumwiteje? Tumwite mpumbavu? Tumhesabu kuwa ni mtu aliyeutupa umri wake? Au yuko katika daraja ambayo methali yetu haikuifikia?

Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Kabla jua halijachomoza, katika miji ya Iten na Eldoret nchini Kenya, vijana wengi hutoka mbio barabarani hali baridi ingali kali. Wako walioacha masomo, na wako walioacha shamba au kazi ya mshahara. Huko nyumbani mzazi ahesabu miaka na kujiuliza kama mwanawe ni mtu mwenye azimio au mtu aliyerogwa na ndoto. Na hesabu yenyewe ni nzito. Kwa kanuni za Olimpiki, nchi moja haiwezi kuleta wakimbiaji zaidi ya 3 katika mbio moja, na michezo hiyo huja mara moja tu kila miaka 4. Basi hata mtu akijaliwa miaka 12 ya nguvu kamili, atapata nafasi 3 maishani mwake, na kila mara itampasa kwanza awe miongoni mwa watu 3 wa taifa lake zima. Akiumia mguu mwezi mmoja kabla ya siku yake, atangoja miaka 4 mingine. Ni dhahiri, basi, kwamba walio wengi watavumilia wala hawatakula. Je, tuwafundishe methali ile ile, au tuwaambie jambo lingine?

Tuanze na yule aliyekula, maana kisa chake ndicho kipendwacho na wasimulizi.

Hicham El Guerrouj alizaliwa mwaka 1974 katika mji wa Berkane, mashariki ya nchi ya Morocco, karibu na mpaka wa Algeria. Alikuwa na umri wa miaka 9 wakati Mmorocco mwenzake, Saïd Aouita, aliposhinda mbio za mita 5,000 katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984. Nchi nzima ilifurahi, na watoto wengi walitamani kuwa Aouita. Wengi wao, bila shaka, walitamani kwa wiki moja. Huyu alitamani kwa miaka 20. Alipokua alifanya mazoezi chini ya mwalimu wake, Abdelkader Kada, na kwa muda mrefu makao yao ya mazoezi yalikuwa Ifrane, katika milima ya Atlas, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambapo hewa ni nyembamba na mapafu hufundishwa kutosheka na kidogo.

Mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 21, alifika Atlanta, Marekani, akaingia katika fainali ya mita 1,500. Mtu wa kumshinda alikuwa Noureddine Morceli wa Algeria, bingwa wa dunia, ambaye kwa karibu miaka 4 hakuwa ameshindwa na yeyote katika mbio hizo. Walipokaribia kuingia mzunguko wa mwisho, El Guerrouj alisogea mbele ili ashindane naye. Mguu wake ukagongana na kisigino cha Morceli, akaanguka. Akainuka, akakimbia, akafika wa 12, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho. Morceli akatwaa dhahabu. Yasimuliwa kwamba picha ya siku ile, iliyomwonyesha katika huzuni yake, El Guerrouj aliihifadhi na kuitazama kila siku ya mazoezi.

Mwezi uliofuata, huko Milan, alimshinda Morceli. Mwaka 1997, katika uwanja wa Athens, Ugiriki, akawa bingwa wa dunia wa mita 1,500, na ubingwa huo akaushika tena mwaka 1999, mwaka 2001 na mwaka 2003. Mwaka 1998, mjini Roma, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 26.00, na mwaka uliofuata, katika mji ule ule, akakimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 43.13. Hakuna mtu aliyewahi kukimbia kwa upesi kama huo kabla yake. Mwenye kusoma orodha hii atadhani ya kuwa jambo lilikwisha. Lakini dhahabu ya Olimpiki hakuwa nayo, na katika mchezo huo mtu aweza kuwa mfalme kwa miaka minne kisha akaulizwa swali moja tu: Je, siku ile ulishinda?

Siku ile ikaja tena Sydney, Australia, mwaka 2000. Watu wote walijua atakayeshinda. Katika mita za mwisho kijana wa Kenya, Noah Ngeny, akampita, akashinda kwa robo ya sekunde. Ngeny huyo ndiye aliyemfuata nyuma kule Roma mwaka 1999 katika mbio za maili, akamaliza karibu kabisa naye, hata wakati wake pia ulikuwa chini ya rekodi ya zamani. Kwa hiyo hakumshinda kwa kubahatisha. Naye alikuwa amevumilia, naye alikuwa akiamka kabla ya jua. Jambo hili husahauliwa sana na wale wasimuliao kisa cha Mmorocco kana kwamba wapinzani wake walikuwa mawe njiani.

Miaka 4 tena. Kufika mwaka 2004 El Guerrouj alikuwa karibu kutimiza miaka 30. Mwaka ule alipata taabu ya kupumua, na mjini Roma, uwanja wa rekodi zake mwenyewe, aliachwa nyuma na watu kadhaa. Siku chache kabla ya Olimpiki alishindwa tena, mara hii mjini Zurich, na Bernard Lagat wa Kenya. Wengi wakasema saa yake imepita. Kisha, tarehe 24 Agosti, mjini Athens, katika mita za mwisho za mita 1,500, Lagat akamfikia bega kwa bega, na kwa kitambo kidogo ilionekana kwamba yatakuwa yale yale ya Sydney. Hayakuwa. El Guerrouj alifika kwa dakika 3 na sekunde 34.18, Lagat kwa dakika 3 na sekunde 34.30. Mmorocco akapiga magoti, akasujudu na kulia, na Lagat alikuwa wa kwanza kumkumbatia. Siku 4 baadaye alishinda pia mita 5,000, mbele ya Kenenisa Bekele wa Ethiopia na kijana mmoja Mkenya aitwaye Eliud Kipchoge, akawa mtu wa kwanza kushinda mbio hizo mbili katika Olimpiki moja tangu Paavo Nurmi wa Finland mwaka 1924.

Ndicho kisa chenyewe, nacho ni kizuri. Mhubiri yeyote angependa kukitumia, na sina shaka wametumia wengi. Miaka 8 ya kungoja, kuanguka mara mbili, kisha tunda bivu. Lakini msomaji mwenye kufikiri na atazame tena tarakimu zile mbili. Tofauti yake ni sehemu 12 katika mia za sekunde moja, muda ambao mtu aweza kupepesa jicho ukamwisha. Tuseme upepo ungalivuma kidogo, au mguu mmoja ungalikanyaga vibaya, Lagat angalipita. Je, hapo ile miaka 8 ya Ifrane ingaligeuka kuwa upuuzi? Je, subira ya mtu huyo ingaliharibika kurudi nyuma, kama maziwa yachachavyo? Kila asubuhi aliyoamka ilikuwa imekwisha pita. Kila jambo alilojinyima alikuwa amekwisha jinyima. Kitu kilichokwisha kuwa chema hakiwezi kufanywa kibaya na sehemu 12 za sekunde zilizokuja baada yake. Tukikubali kwamba chaweza, basi twasema kwamba wema wa mtu umo katika mguu wa mtu mwingine, na hilo akili hailikubali.

Huenda mtu akasema: Maneno haya ni ya kuwafariji walioshindwa. Dunia haiwakumbuki wa pili. Ni kweli kwamba dunia ina usahaulifu, lakini hatukuuliza nani atakumbukwa. Tumeuliza ni nini chenye thamani. Mtazameni Lagat huyo. Alipata shaba mwaka 2000 na fedha mwaka 2004. Baadaye, akiiwakilisha Marekani, mwaka 2007 alishinda ubingwa wa dunia wa mita 1,500 na wa mita 5,000 pia. Dhahabu ya Olimpiki hakuipata kamwe. Mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 41, alikuwa bado katika fainali ya Olimpiki ya mita 5,000 huko Rio de Janeiro, akikimbia na vijana ambao baadhi yao walikuwa watoto wadogo alipopata nishani yake ya kwanza. Mtu huyu hakula mbivu ile aliyoitamani. Lakini nani athubutuye kusema kwamba hakuwa mvumilivu?

Mwenye kisa kinachouma zaidi ni Ron Clarke wa Australia. Mwaka 1956, akiwa kijana wa miaka 19, alichaguliwa kuuingiza mwenge wa Olimpiki katika uwanja wa Melbourne. Baadaye akawa mkimbiaji wa masafa marefu ambaye katika wakati wake hakuwa na mfano. Mwaka 1965 peke yake alivunja rekodi za dunia mara nyingi, hata waandishi wa magazeti wakachoka kushangaa. Lakini katika Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964 alipata shaba tu katika mita 10,000, mbele yake akiwapo Billy Mills wa Marekani, mtu ambaye karibu hakuna aliyemtazamia. Kisha ikaja Mexico mwaka 1968. Mji ule uko juu sana, zaidi ya mita 2,200, na waliozaliwa karibu na usawa wa bahari walikosa pumzi. Naftali Temu wa Kenya alishinda, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Clarke alifika wa 6 akiwa karibu hana fahamu, akaanguka baada ya mstari, akapewa hewa na daktari wa timu yake hali wengine wakidhani anakufa.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1966, Clarke alikuwa amezuru Prague, kwa mwaliko wa Emil Zatopek wa Czechoslovakia. Zatopek ndiye aliyeshinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja, ile ya Helsinki ya mwaka 1952, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Walipoagana uwanja wa ndege, Zatopek alimtia mkononi kifurushi kidogo. Clarke hakukifungua hapo. Alidhani labda ni kitu cha siri cha kuvushwa mpakani, kwa kuwa zama zile zilikuwa za hofu. Alipokifungua baadaye akakuta nishani ya dhahabu ya mita 10,000 ya Helsinki. Mwenyewe alikuwa ameamua kwamba Clarke anaistahili.

Wako wasemao kwamba hiyo ilikuwa huruma. Mimi sioni hivyo. Huruma humpa mtu asichostahili. Zatopek alikuwa mtu wa kazi ile ile. Alijua kwa miguu yake mwenyewe mazoezi ya Clarke yalikuwa kitu gani, na alijua jinsi dhahabu ipatikanavyo na jinsi ikosekanavyo. Aliyeshinda ndiye aliyetoa hukumu kwamba ushindi na ustahili ni vitu viwili. Mtu asiyeshinda akilisema neno hilo, watu humwambia kwamba ni maneno ya sungura na zabibu.

Hapa yafaa tulitazame neno lenyewe. Kiswahili kimelichukua neno subira kutoka Kiarabu, lakini njiani limepungua uzito. Kwetu, mwenye subira ni mtu aliyekaa kimya akingoja. Twamwambia mgonjwa asubiri, na aliyekosa kazi asubiri, na abiria asubiri basi. Katika Kiarabu shina la neno hili lina maana ya kufunga na kuzuia, kama mtu afungavyo mnyama asitoroke. Ndiyo maana wanavyuoni wa Kiislamu walizoea kuigawa subira katika sehemu tatu: kudumu katika jambo jema, kujizuia na jambo baya, na kustahimili yampatayo mtu bila kulalamika. Kungoja tu hakumo, au kumo kwa upande mmoja mdogo. Kurani Tukufu imeitaja subira pamoja na Sala, na Sala si kungoja. Ni tendo lirudiwalo kwa wakati wake, siku yenye furaha na siku isiyo na furaha.

Kwa kipimo hiki twaweza kumtambua mwanariadha mvumilivu na kumtenga na mtu anayefanana naye sana, yaani mwenye uchu. Kwa nje hawa wawili ni ndugu. Wote huamka mapema, na wote hujinyima na kurudi baada ya kushindwa. Tofauti yao ni ile sehemu ya pili, ya kujizuia. Mwaka 1988, huko Seoul, Ben Johnson wa Canada alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79, na dunia ikasimama. Baada ya siku 3 nishani ilichukuliwa, kwa sababu mwilini mwake ilipatikana dawa ya kuongeza nguvu. Mtu huyu hakuwa mvivu! Alikuwa amejitesa kwa mazoezi kwa miaka mingi, na ndoto yake ilikuwa ndefu kama ya wenzake. Lakini alidumu bila kujizuia, na kudumu bila kujizuia ni njaa iliyofunzwa kukimbia. Wala tusimtupie mawe peke yake. Katika mbio ile ile walikuwamo wengine ambao baadaye walihusishwa na dawa, na katika miaka ya karibuni wakimbiaji wengi wa nchi zetu za Afrika Mashariki wamefungiwa kwa kosa hilo hilo. Kijana aliyeambiwa tangu utotoni kwamba mvumilivu lazima ale, akiona tunda haliivi, hutafuta moto wa kuliivisha. Huenda sisi walimu na wazazi tuna sehemu yetu katika jambo hilo, kwa kuahidi tusichokuwa nacho.

Katika chuo ninachofundisha, huku ugenini, vijana hucheza mpira baada ya Sala ya Alasiri, na mmoja wao, hodari wa mbio, aliniuliza kama yafaa Mwislamu aitoe miaka yake bora kwa jambo ambalo asili yake ni mchezo. Swali lake lilikuwa la haki. Mchezo wenyewe si aibu, Mtume Mtukufu (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (r.a.), mara moja akashindwa na mara nyingine akashinda, akafanya mzaha juu yake. Lakini mchezo wa njiani jioni na miaka 20 ya maisha ni mambo mawili. Nilimjibu kwamba na aulize ndoto yake inamnyima nini. Ikimnyima usingizi wa asubuhi na chakula kitamu, heri. Ikimnyima ukweli, au ikimfanya asione haki ya mama yake na ya mkewe, hapo ameshapata bwana mwingine, na bwana huyo hana rehema. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: Na ikininyima afya?

Hilo ndilo gumu. Mwili ni amana, na mwenye kupewa amana hana ruhusa ya kuiharibu kwa ajili ya kusifiwa. Nikimtazama Clarke akiyumba katika mzunguko wa mwisho kule Mexico, siwezi kusema kwa wepesi kwamba hilo ni jambo la kuigwa. Mtu yule baadaye alihitaji kupasuliwa moyo, na mwenyewe aliamini kwamba madhara yalianzia siku ile. Wapendao hadithi za ushujaa hupapita hapo haraka. Kuacha pia kwaweza kuwa subira. Noah Ngeny, aliyemshinda El Guerrouj, alipata ajali ya gari mwezi Novemba mwaka 2001, akaumia mgongo na nyonga. Alikuwa na umri wa miaka 23. Alijaribu kurudi, lakini mbio zake hazikurudi, na mwaka 2006 akaaga uwanja. Hakuna aliyetengeneza filamu juu ya jambo hilo. Lakini kule kukubali kwamba mlango umefungwa, bila kuulaani mlango, ni sehemu ya tatu ya subira tuliyoitaja, na labda ndiyo iliyo nzito kuliko zote kwa mtu aliyezoea kushinda. Yule kijana wa tatu wa Athens, Kipchoge, naye mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki. Akauacha uwanja akaingia barabarani, na katika marathoni akashinda dhahabu mara mbili, huko Rio mwaka 2016 na katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Mmoja alifungiwa mlango akapata mwingine, na mmoja alifungiwa asipate. Nani atasema kwamba wa kwanza alivumilia zaidi?

Kwa hiyo hakuna kanuni ya kumpa kila kijana, kwamba endelea hadi siku fulani kisha uache. Lakini iko alama moja, nayo ni hii: tumaini la kushinda likikwisha kuondoka, mtu hufanya nini? Mwenye uchu hana tena sababu ya kuendelea, hata hatua moja, maana alichokuwa akikifuata hakipo. Mvumilivu bado ana kazi.

Watanzania wanalijua jina la John Stephen Akhwari wa Mbulu. Katika marathoni ya Mexico ya mwaka 1968, siku chache baada ya mbio zile zilizomwangusha Clarke, wakimbiaji 75 waliondoka. Waliomaliza walikuwa 57. Akhwari alianguka njiani, akaumia vibaya goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeingia na watu wengi wameshaondoka uwanjani, Akhwari aliingia akichechemea, mguu umefungwa bandeji, akavuka mstari kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, maana ya jibu lake ilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali amalize. Naam, mtu aweza kuuliza: na amana ya mwili je? Jibu langu ni kwamba Akhwari hakuwa akiufukuza ushindi kwa goti lile. Ushindi ulikuwa umekwisha kwenda kwa mwingine. Alikuwa akitimiza neno alilopewa, kwa mwendo ambao goti liliweza kuubeba, akitembea palipomlazimu kutembea. Clarke alijitupa mbele. Akhwari alijichukua polepole. Naona hapo pana tofauti, ingawa nakiri kwamba daktari angeweza kubishana nami.

Lakini wengi huishia hapo Mexico, kana kwamba mtu yule alizaliwa jioni ile na kufa jioni ile. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Scotland, goti likiwa limepona, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akawa wa 5. Ndiyo kusema kwamba katika miaka ile miwili, bila kamera kumfuata, alikuwa amerudi katika kazi yake ya kila siku. Ron Clarke naye alikuwako Edinburgh, akikimbia mita 10,000 kwa mara yake ya mwisho katika mashindano makubwa. Alifika wa pili. Mbele yake alikuwako mwenyeji, Lachie Stewart, na mvua ya Scotland ilikuwa ikinyesha.